Taa ya Kifuu

Marehemu ami yangu alikuwa fundi wa bati katika Ng'ambo ya Unguja, na katika miaka niliyokaa karibu naye, nikimshikia koleo na kumpulizia mkaa, sikupata kumwona akikiweka kando kitu chochote kilicholetwa barazani pake kabla hajakigeuza pande zote, hajakigonga kwa ukucha na hajakitega sikio, kama mnunuzi wa nazi anavyoitikisa apate kusikia maji yake. Makopo ya maziwa, madebe ya mafuta, vifuniko vya mitungi na mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari yalimfikia kwa mikono ya watoto na wajane waliotaraji senti kidogo; naye, bila ya haraka wala dharau, alikata sehemu iliyooza akaitupa, akaihifadhi sehemu iliyo nzima, na kwa vipande hivyo vya asili mbalimbali akaunda karai, faneli, vipimo vya mafuta, masanduku ya safari, na zaidi ya vyote vibatari, ambavyo katika zama zile ndivyo vilivyokuwa siraji ya nyumba nyingi za mji na karibu nyumba zote za shamba. Muradi wa makala hii ni taa nyingine, taa ndogo ya umeme inayowaka kwa waya wa kuchajia simu. Lakini siwezi kuanza pengine ila barazani pale, kwa sababu elimu yote niliyoitumia katika kuiunda taa hiyo, ghairi ya hesabu chache, niliipata kwa mtu ambaye hakupata kuushika waya wa umeme maishani mwake.

Insafu yataka kibatari kitajwe kwa wema na kwa ubaya wake pamoja. Wema wake ulikuwa huu: kiliundwa hapahapa, kwa kopo lililokwisha kazi, mrija mfupi wa bati uliopitishwa kifunikoni, utambi wa pamba na mkono wa kushikia uliolehemiwa ubavuni, na kila aliyekimiliki, hata mtoto, aliweza kueleza kinavyofanya kazi na kukitengeneza kikiharibika. Ubaya wake ulikuwa moshi. Watafiti waliopima taa za utambi zisizo na kioo, wakatangaza matokeo yao mwaka 2012, waliona kwamba baina ya asilimia 7 na 9 ya mafuta yanayochomwa katika taa za namna hiyo hugeuka masizi meusi. Nasi tuliolelewa chini ya dari zilizopakwa weusi huo, tulioamka alfajiri tukapenga masizi katika leso, hatukuhitaji kushawishiwa kuamini kipimo hicho. Nimewaona watoto waliounguzwa na kibatari kilichopinduliwa juu ya mkeka, na nimewaona wanafunzi walioingia chumba cha mtihani na macho mekundu kwa moshi wa usiku kucha. Sina tamaa hata kidogo ya kuzirejesha siku zile. Ninachokitamani kirejee ni ile hali ya mtu kuijua taa yake ndani na nje, akawa mwenyewe wa taa hiyo kwa ujuzi kama alivyo mwenyewe kwa mali.

Umeme wa Unguja, kwa muda wa miaka mingi, ulitegemea waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Ras Fumba. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika, kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa kama mwezi mmoja. Na watu walipokuwa wameanza kuihadithia shida ile kwa namna ya jambo lililopita, ukakatika tena Disemba 2009, na haukurudi hata Machi 2010. Asiyekuwako huenda akadhani kwamba tulikosa nuru tu. Tulikosa maji, kwa kuwa pampu zilizoyavuta zilikuwa zikienda kwa umeme, hata akina mama wakarudia visima vilivyosahauliwa. Wavuvi walikosa barafu ya kuhifadhi samaki. Cherahani za umeme zilinyamaza, na vinyozi wakarudia mkasi. Na palipokuwa na mwenye uwezo wa jenereta, jirani zake walilala kwa kelele na harufu ya mafuta. Vibatari vilirudi. Vilipangwa tena katika soko la Darajani, na bei ya mafuta ya taa ikawa mazungumzo ya kila baraza. Lakini mafundi wa kuviunda walikuwa wamekwisha kuwa haba, na ami yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Katika giza hilo, binti wa dada yangu, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa skuli, alinijia na taa ya kuchaji mkononi, iliyonunuliwa miezi michache kabla ya hapo, akasema, "Mjomba, taa hii imekufa." Nikamjibu kwa maneno ambayo sikuyatafuta, maana yalikuwa yakinisubiri tangu utoto wangu: "Haya, mwanangu, tutazame kipi kilichokufa ndani yake."

Tuliifungua. Ndani yake palikuwa na betri ya risasi na asidi, ya namna ile iliyozibwa, na ubao mdogo wenye safu za diodi za nuru, ambazo mafundi huziita LED. Betri ya namna hiyo ikiachwa bila ya chaji kwa muda mrefu, sahani zake hufanya ugaga wa salfeti, na ugaga huo ukikomaa betri haipokei tena umeme ila kidogo sana. Na kwa kuwa umeme ulikuwa haupo wa kuichaji, taa ile ilikuwa imekaa tupu kwa wiki nyingi hata ikafikia hali hiyo. Lakini diodi zake je? Nilichukua betri bapa ya mviringo, ya volti 3, iliyokuwa ikihifadhi saa ndani ya kompyuta mbovu, nikaigusisha kwenye miguu ya diodi mojamoja, nikiutambua upande wa hasi kwa ukingo wake uliokatwa bapa, na zote zikawaka. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni nzima!" Naam, zilikuwa nzima, na zingalibaki nzima kwa miaka mingi, kwa sababu diodi ya nuru ikipewa kiasi chake cha umeme huweza kuwaka makumi ya maelfu ya masaa, ilhali betri iliyofungwa nayo katika ganda moja haikuwa na umri wa hata sehemu ndogo ya muda huo. Taa nzima ilikuwa ikielekea jaani kwa kufa kiungo kimoja.

Tangu siku ile nimeizoea tabia ya kufungua vitu vilivyotupwa, na katika yote niliyoyapata kwa tabia hiyo, neno moja nalishika kwa yakini kuliko mengine: vitu vilivyokufa katika nyumba zetu ni vingi, lakini vilivyokufa vyote kabisa ni akali. Waya wa kuchajia simu hukatika shingoni, pale unapopindwa kila siku karibu na simu, na urefu wake wote uliobaki ukawa salama. Redio huzimwa milele kwa ajili ya swichi au kipaza sauti, na ubaoni mwake mkawa na makumi ya vipande ambavyo havijapata kukosea kazi hata siku moja. Anayetupa hutupa kwa jina la kitu: hii ni redio, redio haisemi, basi na itupwe. Fundi hulisahau jina akatazama vilivyomo. Na katika kusahau huko ndimo ulimo ufundi wake, maana kitu ambacho hakifai tena kwa kazi ya jina lake huweza kufaa kwa kazi ambayo bado haijaitwa jina.

Haifai kuipita diodi bila ya kutoa heshima inayoistahili. Diodi zenye nuru nyekundu zilikuwako tangu mwaka 1962, alipoiunda ya kwanza Nick Holonyak wa Marekani, na kwa miaka mingi tuliziona katika redio na saa zikifanya kazi ya alama tu, kwa sababu nuru nyeupe ya kumfaa msomaji haikuweza kupatikana bila ya nuru ya buluu, na nuru ya buluu ilikataa kutoka. Maada iliyotarajiwa kuitoa, galiamu naitraidi, ilikuwa ngumu kuikuza katika fuwele safi, hata wataalamu wengi wakaikatia tamaa wakahamia maada nyingine. Wajapani watatu hawakuiacha: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano katika mji wa Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni isiyokuwa na jina kubwa huko Tokushima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nuru ya buluu iling'aa. Ikafunikwa kwa fosfori ya rangi ya manjano, na mchanganyiko wa nuru mbili hizo ukaonekana machoni petu kuwa mweupe. Mwaka 2014 walipewa wote watatu Tuzo ya Nobel ya fizikia. Napenda kuwasimulia vijana habari hii ninapowaonyesha diodi iliyokwanyuliwa katika taa mbovu, kwa kuwa ni haki yao kujua kwamba kijidude wanachokishika kilizaliwa na maada ambayo wengi wa wajuzi walikwisha kuihesabu miongoni mwa vitu visivyofaa.

Mkia wa taa niliyoiunda kwa diodi zile, yaani waya wa kuchajia simu, una tarehe yake pia. Waya wa USB ulitolewa mwaka 1996 na kampuni kadhaa zilizopatana juu ya umbo moja la plagi, na mhandisi mmoja aliyekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo ni Ajay Bhatt, mzaliwa wa India aliyekuwa akiitumikia Intel. Nia yao ilikuwa kuiunganisha kompyuta na vyombo vyake pasi na msitu wa waya za namna mbalimbali. Umeme wa volti 5 uliwekwa humo ili vyombo vidogo visihitaji chanzo kingine. Kumbe mlango huo mdogo ulikuwa ukifunguliwa kwa ulimwengu mzima: leo volti 5 hizo hutoka katika chaja ya simu, katika gari, katika redio ya jua, katika paneli ndogo inayowekwa juu ya paa la makuti, na umbo lake ni lilelile Unguja, Mombasa na Tokushima. Sijui jambo jingine la umeme lililopatanisha watu kiasi hicho. Ndani ya waya mna nyaya nne: nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, na nyeupe na kijani ni za kupitishia habari, ambazo taa haina haja nazo, lakini katika waya za bei rahisi rangi haziaminiki daima, wakati mwingine hata nyaya zenyewe ni mbili tu, na mtu mwenye hadhari huzipima kwanza kwa mita. Na nyenzo hii tunayo kwa wingi wa kusikitisha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa kwa njia ya sawa.

Nimesema hesabu ni chache, na hizi hapa. Chanzo hutoa volti 5. Diodi nyeupe hutaka volti 3 na kitu, tuseme 3.2, huzidi volti 1.8, na ziada hiyo ndiyo adui. Diodi haina tabia ya kujizuia: ukiipa volti kidogo tu kupita haja yake, mkondo unaoingia ndani yake huzidi maradufu na zaidi, ikapata moto, ikaungua. Kwa hiyo huwekewa njiani rezista, kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, kiichukue ziada. Gawanya volti 1.8 kwa mkondo wa ampea 0.02, ambao ndio kiasi cha diodi zenye kipenyo cha milimita 5, utapata omu 90; iliyo karibu na kiasi hicho, na inayopatikana katika kila ubao wa redio kongwe, ni rezista ya omu 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na kahawia, nayo itapitisha kama miliampea 18. Kila diodi ipewe rezista yake. Wako wanaozifunga diodi zote kwa rezista moja ili kupunguza kazi ya kulehemu; lakini hakuna diodi mbili zilizolingana sawasawa, na iliyo dhaifu miongoni mwao itavutia mkondo mwingi kuliko wenzake, ikafa kwanza, kisha ikawaachia mzigo wake wengine. Niliposomeshwa jambo hili kwa mara ya kwanza nililiona la kitaalamu tupu. Sasa kila nikilifundisha nahisi lina maana pana zaidi ya umeme, na namwachia msomaji aipeleke maana hiyo apendako.

Mwili wa taa uliniletea furaha kuliko sehemu nyingine zote. Nyumba ya Mswahili haikosi vifuu, maana nazi hukunwa kila siku, na tangu zamani kifuu hakikuwa taka kwetu: kilitiwa mti kikawa upawa, kilichomwa kikawa mkaa, kilipimiwa mchele na mbegu. Kifuu kina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini, ambalo ndilo mche hutokea. Jicho hilo hutobolewa kwa msumari bila ya kukipasua kifuu, nao waya hupita humo kana kwamba liliumbwa kwa ajili yake. Nilikisugua ndani kwa kipande cha chupa, nikakipaka gundi, nikakitandika karatasi ya fedha iliyotoka katika pakiti ya majani ya chai, ipate kuirudisha nuru chini. Diodi nikazipanga juu ya kipande cha mviringo nilichokikata katika kifuniko cha plastiki, kila moja na rezista yake mgongoni. Mbele yake niliweka kipande cheupe cha chupa ya mafuta ya nywele, kwa sababu nuru ya diodi hutoka kwa ncha kali na huumiza jicho, na plastiki nyeupe huitawanya. Shingo ya taa ilikuwa waya mnene wa shaba wa nyumbani, wa ule unaofukiwa ukutani, unaopindika upendavyo na kubaki hapo ulipouacha. Kitako kilikuwa kopo la maziwa ya unga, lililojazwa mchanga likawa zito, na kubanwa kifuniko chake. Viungo vyote vya umeme nilivilehemu, kisha nikavivika vipande vya mrija wa kalamu ya wino, visigusane. Ingawa kifuu ni kuni nzuri, hakuna hatari ya kushika moto hapa: taa hii, hata ikiwaka usiku kucha, hupata uvuguvugu tu mkononi.

Kulehemu kwenyewe hakukuwa kugeni kwangu. Chuma cha ami kilipashwa katika mkaa na changu hupashwa kwa umeme, lakini risasi ni ileile iliyochanganywa na bati, na adabu yake ni ileile: safisha kwanza, pasha kiungo chenyewe kabla ya risasi, na usitikise mpaka ing'ae na kuganda. Risasi ni sumu. Ami hakuwa na habari hiyo, lakini alikuwa na desturi ya kunawa mikono kwa majivu kabla ya kula, na kufanya kazi penye upepo, na desturi hizo mbili zilimhifadhi kuliko alivyojua.

Palibaki chanzo. Wakati ule wa giza, betri ya vespa iliyochajiwa dukani kwa mwenye jenereta ilitoa volti 12, na chaja ndogo ya gari, yenye tundu la USB, ikazishusha hadi 5. Mkia wa taa ukachomekwa humo, na mpwa wangu akasoma. Baadaye zilipoenea pawabenki kazi ikawa nyepesi zaidi, ila pana siri moja ambayo huwashangaza wengi. Baadhi ya pawabenki hupima mkondo unaotoka, na zikiona ni mdogo sana hudhani simu imekwisha kujaa, zikajizima. Taa yenye diodi tatu, inayovuta kama miliampea 54, huzimwa nazo baada ya muda mfupi, na mwenye taa akafikiri taa ni mbovu. Dawa yake ni kuongeza diodi ziwe sita, ambazo huvuta kama miliampea 108, na aghalabu kiasi hicho hutosha kuishawishi pawabenki kwamba pana mtu anayeihitaji. Taa hiyo ya diodi sita hula nusu ya wati na kidogo. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000, baada ya kutoa kinachopotea njiani, itaiwasha kwa masaa 50 na ushei, yaani juma zima la usiku wa kusoma kwa chaji moja.

Nusu ya wati! Watu hucheka wanaposikia kiasi hicho, kwa kuwa wamezoea kuhesabu nuru kwa ukubwa wa globu iliyoning'inia darini. Wala hawakosi sababu, maana taa hii ikitundikwa darini haitaonyesha kitu. Lakini nuru hupungua kwa mraba wa umbali: taa ikisogezwa nusu ya masafa yaliyokuwako, ukurasa hupata nuru mara nne. Ndiyo sababu ya shingo ya shaba inayopindika. Ilete taa shibri moja na nusu juu ya kitabu, na herufi zitasomeka kwa raha, bila moshi, bila joto, na bila ya kumwamsha mdogo anayelala kitandani jirani. Katika zile siku za kibatari tulifanya hivyo hivyo kwa lazima, tukikiinamia hata nywele zikaungua ncha. Taa hii imetubakishia ule ukaribu na kutuondolea adhabu yake. Nimeishi kutosha kuona nyumba zenye taa kumi na hakuna asomaye chini ya hata moja, na nimeona chumba kimoja cha Ng'ambo chenye kifuu kimoja kilichozungukwa na vichwa vya watoto watatu. Sisemi kwamba uchache ni bora kuliko wingi. Umasikini si fadhila, na mwenye haki ya umeme apewe umeme. Nasema tu kwamba kipimo cha nuru ni kile kinachoonekana kwayo.

Wako wengine ulimwenguni waliozichukua takataka zao kwa macho haya. Huko Brazili, katika mji wa Uberaba, fundi makanika Alfredo Moser, wakati wa upungufu wa umeme mnamo mwaka 2002, aliijaza chupa ya plastiki maji na dawa kidogo ya kung'arisha nguo, akaipenyeza katika paa la bati, nusu nje na nusu ndani, na chupa ile ikalivuta jua na kulitawanya chumbani mchana kutwa. Kutoka kwake jambo hilo likaenea Ufilipino na nchi nyingi nyingine, na Afrika Mashariki pia. Hakutumia hata waya mmoja. Nimemtaja kwa mapenzi, kwa kuwa naye alikuwa mtu wa koleo na mafuta mikononi.

Pana hadhari ambayo siwezi kuinyamazia, kwa sababu najua makala ya namna hii husomwa na vijana ambao mikono yao hutangulia mbele ya masikio yao. Si kila kilichokufa kinafaa kufunguliwa. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe wala isibanduliwe, maana lithiamu iliyomo huweza kuwaka ghafla kwa moto usiozimika kwa urahisi. Chaja ya ukutani nayo iachwe kama ilivyo: ndani yake mna kapasita inayohifadhi volti zaidi ya 300, na kapasita hiyo huweza kumpiga mtu hata baada ya plagi kuchomolewa. Kaa upande wa volti 5, ambako kosa aghalabu halimdhuru mtu, na hapo utakuwa na uwanja mpana wa kujifunza maisha yako yote. Ami alikuwa na mabati ambayo alikataa kuyagusa, yaliyokuwa yamebebea dawa za kuulia wadudu, na hakuna bei iliyomfanya ayakate.

Mpwa wangu sasa ni mwalimu wa sayansi, naye huwafundisha wanafunzi wake kuunda taa hii kwa vitu wanavyovileta kutoka majumbani mwao. Kila kundi huileta kwa umbo lake: wengine kwa chupa, wengine kwa kopo la soda lililokatwa na kukunjuliwa, mmoja kwa kombe la chaza lililopitisha nuru ya waridi ambayo hakuna duka linaloiuza. Aliniambia kwamba wazazi kadhaa walikuja kulalamika, wakidhani skuli inawafundisha watoto wao kuokota jaani. Akawakaribisha wakae, akawaachia watoto waeleze wenyewe, mbele yao, kwa nini diodi moja haiwezi kuchomekwa bila ya rezista. Lawama zilikwisha hapo. Mimi nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, kwa kuwa mtoto anayeweza kueleza hivyo hatauziwa giza kwa jina la nuru.

Lakini majuzi amenijia na tatizo jipya. Waya zinazoletwa darasani siku hizi ni za USB ya namna ya C pande zote mbili, plagi ile ndogo ya mviringo wa yai inayoingia kwa uso wowote. Na ukiukata waya huo ukaifunga taa kwa nyekundu na nyeusi kama tulivyozoea, hautoi kitu, hata chanzo kiwe kizima namna gani. Sababu yake ni kwamba chanzo cha namna hii hakitoi volti zake mpaka kipate alama kwamba kweli pana chombo upande wa pili. Alama hiyo hupita katika uzi mwembamba zaidi ndani ya waya, na uzi huo ukiunganishwa na uzi mweusi kwa rezista ya omu 5,100, chanzo huridhika na kutoa volti 5. Mistari ya rezista hiyo ni kijani, kahawia na nyekundu. Rezista za namna hiyo tumezitafuta pamoja katika ubao wa redio kubwa ya mbao niliyoihifadhi uani kwa miaka, tukipima moja baada ya moja kwa mita, na zile tulizozipata ameshazibandua akazitia katika bahasha. Wanafunzi wake wataanza kuzijaribu wiki hii, na kwa zile waya zitakazobaki bila ya rezista, amenitaka nimuulizie mafundi redio wa Darajani kama wana mbao zaidi za redio mbovu.